Dkt. Johann Ludwig Krapf (1810–1881): Kwaresima Ndefu ya Mtangulizi

Kila mwaka Jumatano ya Majivu inapowadia, Walutheri wa Morogoro na wa vijiji vya milima ya Uluguru huanza safari ya siku arobaini, Jumapili zisipohesabiwa, mpaka Pasaka. Vitambaa vya zambarau hutandikwa madhabahuni, ibada za jioni huongezwa, na familia nyingi hutenga saa ya kusoma habari za mateso ya Bwana, sura baada ya sura. Mara nyingi majira hayo huangukia wakati mawingu ya masika yanapoifunika Lupanga na mito ya Morogoro na Ngerengere inapoanza kujaa. Katika nyumba hizo, Neno la Mungu husomwa kwa Kiswahili. Ni jambo lililozoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaojiuliza lilianzaje na liligharimu nini.

Miongoni mwa wale walioanza kazi hiyo, jina la Dkt. Johann Ludwig Krapf halina budi kutajwa mapema. Yeye hakukanyaga kamwe ardhi ya Uluguru. Hakuanzisha usharika wowote katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Lakini ni yeye aliyeketi Mombasa mwaka 1844 na kuanza kuyaandika Maandiko Matakatifu kwa Kiswahili, siku baada ya siku, kwa subira ya mtu asiyejua kama kazi yake itasomwa na yeyote. Kwa hiyo inafaa, katika kumbukumbu ya miaka mia moja, maisha yake yasimuliwe, hasa upande ule unaohusu sala, kujinyima na kungoja.

Malezi na wito

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, kijiji kilicho karibu na mji wa Tübingen katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Kilutheri. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akiwa amemdhania kuwa mtoto mwingine. Kijana aliugua kwa muda wa miezi sita hivi. Katika ugonjwa huo, akiwa hawezi kwenda kucheza wala kufanya kazi, aliisoma Biblia kwa bidii, hasa masimulizi ya Agano la Kale. Alipopata nafuu na kwenda shambani pamoja na jamaa zake wakati wa mavuno, aliwasimulia wavunaji habari za mababu wa imani.

Hivyo dhuluma aliyotendewa mtoto ikawa mlango wa shule yake ya kwanza. Baadaye alipelekwa kusoma Tübingen, akitembea kwa miguu kutoka kijijini, na huko akasikia habari za kazi ya misheni katika nchi za mbali. Mwaka 1827 aliingia katika chuo cha misheni cha Basel, Uswisi. Alikiacha baada ya muda mfupi akiwa na mashaka juu ya wito wake, akarudi kusoma theolojia Tübingen, akamaliza mwaka 1834. Akawa msaidizi wa mchungaji, lakini mahubiri yake kuhusu siku za mwisho yakamkosanisha na wakubwa wa kanisa, naye akaondoka katika kazi hiyo. Basi mtu huyu aliyeitwa baadaye baba wa misheni ya Afrika Mashariki alianza utumishi wake kwa kuacha chuo na kupoteza kazi.

Jambo moja halikubadilika katika miaka hiyo, nalo ni desturi ya ibada ya kila siku. Württemberg ilikuwa nchi ya uamsho wa kipietisti, ambamo Wakristo walikutana nyumbani kwa saa maalumu kusoma Neno na kuomba. Tena kila mtoto wa Kilutheri alifundishwa Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, yenye utaratibu wa sala ya asubuhi na sala ya jioni. Desturi hiyo Krapf aliibeba kama msafiri abebavyo kibuyu chake cha maji.

Miongoni mwa Wakristo wafungao

Mwaka 1837 Krapf alisafiri kwenda Uhabeshi akitumwa na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, ambacho wakati huo kilipokea Walutheri wengi wa Kijerumani kuwa watumishi wake. Mwaka 1838 yeye na wenzake walifukuzwa katika jimbo la Tigray. Hakukata tamaa. Mwaka 1839 aliingia Shewa, katika nchi ya mfalme Sahle Selassie, akakaa huko mpaka mwaka 1842 akitafuta njia ya kuwafikia Waoromo.

Huko alikutana na kanisa la kale ambalo kufunga ni sehemu kubwa ya maisha yake. Wakristo wa Uhabeshi hufunga siku 55 kabla ya Pasaka, bila nyama, bila maziwa, bila mayai, licha ya mifungo mingine mingi ya mwaka. Krapf, kwa mafundisho aliyolelewa nayo, hakuweza kukubali kwamba mfungo wampatia mtu haki mbele za Mungu. Suala hili ni la msingi kwa kila Mlutheri hata leo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linakataa fundisho kwamba kuchagua vyakula huondoa dhambi. Lakini halikatazi nidhamu ya mwili, na Katekisimo Ndogo inautaja mfungo kuwa maandalizi mema ya nje kwa mtu anayeiendea Meza ya Bwana. Mfungo si malipo. Ni mazoezi ya mtoto aliyekwisha kupokelewa nyumbani.

Fundisho hili Krapf alilijua kwa kichwa. Miaka iliyofuata alilazimika kulijua kwa mwili wake, maana Mungu alimwacha apite katika mifungo ambayo hakuichagua. Mwaka 1842, akiwa njiani kutoka Shewa kuelekea pwani, alinyang'anywa mali yote aliyokuwa nayo katika nchi ya Wollo, akaendelea na safari kama maskini. Mwaka huohuo, huko Misri, alimwoa Rosine Dietrich. Wakiwa katika jitihada za kurudi Uhabeshi, Rosine alijifungua mtoto wa kike katika nchi kame karibu na Massawa. Mtoto hakuishi. Walimpa jina la Eneba, maana yake chozi.

Kaburi la Mombasa

Njia ya Uhabeshi ilipozibwa, Krapf aliamua kuwatafuta Waoromo kwa kupitia pwani ya kusini. Mwezi Januari 1844 alifika Unguja pamoja na Rosine. Sultani Seyyid Said alimpokea vema, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Baada ya kuizuru pwani, Krapf alichagua Mombasa kuwa makao yake.

Alianza mara moja kujifunza Kiswahili. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kuitafsiri Mwanzo, sura ya kwanza. Katika kazi hiyo alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohidini. Ni jambo la kukumbukwa katika mji kama Morogoro, ambamo Wakristo na Waislamu ni majirani, na ambamo jamaa mmoja hufunga Kwaresima na mwingine Ramadhani, kwamba kurasa za kwanza za Biblia ya Kiswahili ziliandikwa kwa msaada wa mwanazuoni wa Kiislamu. Krapf alichagua kuandika kwa herufi za Kilatini badala ya herufi za Kiarabu zilizotumika pwani wakati huo, na uamuzi huo umeacha alama katika maandishi ya Kiswahili hata sasa.

Kazi ilikuwa haijatimiza miezi miwili homa ilipoingia nyumbani. Tarehe 6 Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine alifariki. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa, akiinuka kitandani kwa shida ili ahakikishe kwamba mkewe ameiaga dunia kweli. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mamaye. Kabla ya kufa Rosine alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, mahali wapitapo watu, ili kaburi lake liwakumbushe habari ya Injili. Akazikwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mtoto akalazwa kando yake.

Hapo ndipo maisha ya Krapf yalipopimwa. Mtu mwingine angehesabu mambo yake: watoto wawili wamezikwa, mke amezikwa, Uhabeshi imefungwa, na hakuna hata mwongofu mmoja. Krapf aliwaandikia wakubwa wa chama chake habari za msiba, akawaeleza kwamba kaburi hilo ni dalili ya kuanza kwa pambano, na kwamba saa imekaribia ya kuiita Afrika kutoka upande wa mashariki. Kisha, nguvu zilipomrudia, akarudi mezani kwenye tafsiri yake. Hakusubiri huzuni iishe ndipo aanze tena. Alianza tena huzuni ikiwa bado nyumbani.

Rabai na jangwa la Ukambani

Mwezi Juni 1846 alipata mwenzi, Johannes Rebmann, Mlutheri wa Württemberg kama yeye. Tarehe 25 Agosti 1846 wawili hao walipanda kwenda kuanzisha kituo cha Rabai, bara ya Mombasa. Walikwenda wakiwa wagonjwa wote wawili, wakimtumia punda mmoja kwa zamu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kutembea njia nzima. Hapo Rabai walijenga nyumba, wakafundisha, wakahubiri na kutafsiri. Mavuno yalikuwa madogo mno. Malimbuko ya kazi yao alikuwa mtu mwenye ulemavu aitwaye Mringe, ambaye katika jamii yake hakuhesabiwa kuwa mtu mkubwa.

Kutoka Rabai watumishi hao walisafiri sana. Rebmann aliiona Kilimanjaro mwaka 1848. Krapf alifika Usambara mwaka huohuo, akapokelewa na mfalme Kimweri huko Vugha, akarudi tena mwaka 1852. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, aliuona Mlima Kenya. Wataalamu wa Ulaya walizidharau taarifa za theluji karibu na ikweta, lakini wakati uliwathibitisha wamisionari kuwa wasema kweli.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani akiwa na nia ya kuanzisha kituo. Karibu na mto Tana, msafara wa rafiki yake, mzee Kivoi, ulishambuliwa na Kivoi akauawa. Krapf alijikuta peke yake porini, bila chakula wala maji. Alipoufikia mto alijaza maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini, maana hakuwa na chombo kingine. Alijificha mchana, akatembea usiku, akila alichokipata. Watu wa Kivoi nao walimlaumu kwa kifo cha mzee wao, ikambidi atoroke ili aokoe maisha yake, mpaka alipofika Rabai akiwa amedhoofu kabisa.

Kwaresima hulikumbusha Kanisa siku arobaini za Bwana Yesu jangwani. Ni rahisi kulitaja jangwa katika mahubiri. Ni vigumu kukaa ndani yake. Krapf hakulitafuta jangwa la Ukambani ili aonekane mtakatifu, wala njaa yake haikumwongezea haki mbele za Mungu. Lakini mazoea ya kila siku ya kusali na kulisoma Neno, aliyoyajenga wakati wa shibe, ndiyo aliyokuwa nayo mkononi wakati wa njaa. Mtu hachimbi kisima siku ya kiu.

Haifai, hata hivyo, kumfanya Krapf kuwa malaika. Alikuwa mtu wa zama zake. Mara nyingine alizihukumu kwa ukali mila za watu aliowahubiri, na mipango yake, hasa ile ya mnyororo wa vituo vya misheni kutoka bahari ya mashariki mpaka ya magharibi, ilizidi nguvu za watu aliokuwa nao. Wenzake walidhoofika na wengine wakafa. Mwaka 1853 afya yake mwenyewe ilivunjika, akarudi Ulaya.

Kungoja Korntal

Krapf alikaa Korntal, mji mdogo wa Wapietisti karibu na Stuttgart. Hakuacha kuifanyia kazi Afrika. Mwaka 1858 alitoa kitabu chake cha safari. Sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imechapwa Tübingen mwaka 1850, na sura tatu za kwanza za Mwanzo zilikuwa zimechapwa Marekani mwaka 1847. Mwaka 1862 aliwasindikiza Wamethodisti waliokwenda kuanzisha misheni ya Ribe, karibu na Rabai. Kwa miaka mingi aliendelea na kamusi yake kubwa ya Kiswahili, neno baada ya neno, mbali na watu waliolisema.

Mwaka 1875 Rebmann alirudi kutoka Afrika akiwa kipofu, baada ya miaka ishirini na tisa bila kuiona nchi yake. Alikuja kuishi Korntal, karibu na rafiki yake wa zamani, akafariki mwaka 1876. Krapf aliendelea na kazi na sala. Asubuhi moja ya Novemba 1881 hakutoka chumbani. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa katika sala yake ya jioni. Tarehe ya kifo chake ni 26 Novemba 1881. Alizikwa Korntal karibu na Rebmann. Kamusi yake ilichapwa London mwaka 1882, yeye hakuiona.

Jinsi kazi ilivyofika Uluguru

Aliyepanda hakuvuna, lakini mbegu haikupotea. Mwaka 1855 na 1856 ramani iliyotokana na habari walizokusanya Rebmann na Jakob Erhardt, mwenzao mwingine wa Rabai, ilichapwa Ulaya, ikiwa na ziwa kubwa katikati ya bara. Ramani hiyo ilichochea safari ya Burton na Speke, ambao mwaka 1857 walipita Zungomero, chini ya milima ya Uluguru, wakielekea maziwa makuu. Njia za bara zikazidi kujulikana, ingawa si wote waliozifuata walikuwa na nia njema kwa wenyeji.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Mwaka 1891 wengine walianza kazi Mlalo, katika Usambara ileile ambayo Krapf aliizuru karibu miaka arobaini kabla yao. Kutoka Dar es Salaam kazi ilienea Uzaramo: Kisarawe mwaka 1892, kisha Maneromango mwaka 1895. Mwaka 1903 Misheni ya Berlin ilipokea kazi ya Uzaramo, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza watumishi wake walikuwa wamekwisha kupanda milima ya Uluguru. Waluguru walioisikia Injili kwa Kiswahili waliisikia katika lugha ambayo wengine walikuwa wameifanyia kazi ya tafsiri kwa miaka sitini. Baadaye ikaja Biblia nzima ya Karl Roehl mwaka 1937, kisha Biblia ya Muungano mwaka 1952, ambayo imesomwa na vizazi vingi vya Wakristo. Tafsiri hizo si za Krapf, na zimeandikwa na watu waliokijua Kiswahili kuliko yeye. Lakini nyayo za kwanza katika njia hiyo ni za mtu aliyeandika akiwa na homa, karibu na kaburi jipya.

Fundisho kwa Kwaresima ya leo

Washarika wengi huianza Kwaresima kwa moyo, wakaichoka kabla ya Juma Takatifu. Siku za kwanza Biblia hufunguliwa mapema. Wiki ya tatu kazi za shamba, biashara ya sokoni na uchovu wa jioni huifunga. Wengine huvunjika moyo kwa sababu hawaoni badiliko lolote: ndoa ina ugomvi uleule, mtoto bado amepotea mjini, mgonjwa bado amelala kitandani. Wanauliza kuna faida gani ya kusoma na kuomba kila siku.

Maisha ya Krapf hayajibu swali hilo kwa kuonyesha mafanikio, maana kwa macho yake hakuyaona mengi. Yanajibu kwa kuonyesha uaminifu. Alirudi mezani siku iliyofuata, na siku iliyofuata, na siku iliyofuata tena. Mfungo wake mkubwa haukuwa wa chakula, bali wa matunda: alikubali kufanya kazi bila kuyaonja, akiamini kwamba Bwana wa shamba hasahau. Haba na haba hujaza kibaba. Sura moja asubuhi na sala moja jioni ni kidogo sana, lakini kwa kidogo hicho Mungu alilitia Neno lake katika kinywa cha taifa zima.

Kwa hiyo kila familia inapowasha taa jioni ya Kwaresima, iwe mjini Morogoro au katika kijiji cha mlimani ukungu uliposhuka, na baba au mama au mtoto akaanza kusoma habari za mateso ya Bwana kwa Kiswahili, hapo kuna jibu la sala za mtu aliyekutwa amepiga magoti. Miaka mia moja ya usharika imesimama juu ya jioni kama hizo. Utukufu una yeye Mungu, aliyelianzisha na anayelilinda Kanisa lake.